Bitana Iliyofundishwa Kuimba

Jumatatu, tarehe 9 Julai 2068. Asubuhi hiyo Lupangwe iliamka chini ya ukungu mzito, na umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi za uwanja wa gwaride, mweupe kama chumvi. Ilikuwa baridi ya kumfanya mtu azungumze meno yakigongana. Lakini juu mlimani misonobari ilikuwa mikavu, ikingoja upepo wa Agosti, kwa maana nyanda zile za kusini hukauka ndani ya baridi hiyohiyo, na moto wake huja watu wangali wamevaa masweta.

Sajenti Elimeleki Tweve, mwalimu wa chuo cha wazimamoto, alisimama nyuma ya nyumba ya moshi, jengo linalowashwa moto kwa mazoezi, akijaribu kuomba. Maombi hayakuja. Miaka yote alizoea kuomba alfajiri kama wengine wanavyozoea chai, lakini tangu Kuruta Olipa aanguke, kila alipofumba macho kilichokuja ni wimbo, na wimbo wenyewe ndio aliokuwa akiukimbia. Akafumbua macho. Mbele yake palikuwa na mtaro wa maji machafu. Makuruta wake walipotoka motoni walikuja kutapikia hapo, mbali na macho ya zahanati, kisha wakanawa nyuso na kurudi kwenye mstari wakitabasamu. Yeye ndiye aliyewaonyesha mahali.

"Kamwene, Mwalimu."

Aligeuka. Alikuwa Mama Ngailo, mama yake Olipa, amejifunga vitenge viwili na kubeba kikapu cha parachichi. Alikuwa amefika chuoni tangu juzi kumwuguza mwanawe, na leo alimtafuta mwalimu mpaka huku nyuma. Elimeleki aliitikia salamu, akauliza hali ya mgonjwa. Mama Ngailo akasema mtoto ameamka, anakunywa uji, ila figo bado ni za kusaidiwa na mashine. Kisha akakiweka kikapu miguuni pa Sajenti.

"Nimeambiwa alikuwa anaimba wimbo wa Mungu hata pale alipoanguka," alisema. "Nikasema, mwalimu huyu amemfundisha mwanangu kuomba katikati ya moto. Wengine wanasema mwanangu mdanganyifu, alikunywa dawa ili aonekane mzima. Mimi sijui mambo yenu. Najua tu aliimba. Mungu akuzidishie, Baba."

Akapiga goti kidogo, kama wanawake wa kwao wanavyofanya kwa mtu wanayemheshimu. Elimeleki alitaka ardhi impasukie. Aliinama haraka kuokota kikapu, ili wasitazamane, akasema asante kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

*

Bitana ilikuwa fulana laini iliyovaliwa chini ya koti la moto, ikigusa ngozi. Ilisikiliza joto la mwili, mapigo ya moyo na mtikisiko wa pumzi kifuani, na ukosini ilikuwa na taa ndogo: kijani, njano, nyekundu. Mwili ulipokaribia mwisho wake Bitana ilijikaza mabegani, kama mkono wa mtu anayekuvuta kutoka nyuma, na nje ya jengo kengele ikalia. Makuruta waliita huko kushikwa bega. Aliyeshikwa bega katika mtihani wa mwisho alirudia mafunzo yote.

Lakini Lupangwe palikuwa na neno la zamani kuliko Bitana. Mzimamoto aliyetoka motoni kabla ya wenzake aliitwa Mlango. Jina hilo likikuganda lilikufuata mpaka kituo utakachopangiwa. Elimeleki hakulianzisha, ila hakuna aliyelitumia kwa ufundi kama yeye. Katika foleni ya chakula angemwuliza mtu kwa upole, "Mlango, leo umefunguka saa ngapi?" na kundi zima likacheka, na aliyeulizwa akacheka pia huku uso umemwiva.

Bitana zilipoletwa chuoni kwa majaribio, wa kwanza kushikwa bega alikuwa Elimeleki mwenyewe. Alikuwa amevuka miaka hamsini, na nyumba ya moshi siku hiyo ilikuwa kali. Alitoka nje akiyumba, kengele inalia juu yake. Kuruta mmoja, Fute Mahenge, aliyekuwa ameshaitwa Mlango mara nyingi kuliko alivyopenda, alisema chini chini, lakini akasikika: "Kumbe kuna Milango yenye tepe."

Walicheka. Yeye pia alicheka. Usiku akala kidogo, na moyoni akaapa kwamba fulana haitamvua heshima yake.

Njia aliipata kanisani. Jumamosi moja alipanda kilima kwenda mazoezi ya kwaya akiwa bado ameivaa Bitana chini ya sweta, na kupanda kule kuliigeuza taa kuwa njano. Walianza wimbo wa taratibu, wa watu wanaovuka mto wa maji baridi, na yeye alikuwa besi. Katika kioo cha dirisha aliona taa inarudi kuwa kijani. Moyo wake bado ulikuwa unakimbia, jasho bado linamtiririka. Fulana ilikuwa imesikia ile pumzi ndefu, inayotoka polepole na kutetema kifuani, ikaamini kwamba mwenye pumzi ile ametulia.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa furaha. Alipiga magoti palepale kati ya mabenchi akamshukuru Mungu kwa kumjibu.

Baada ya hapo alilifundisha kundi lake kuimba ndani ya barakoa, midomo imefungwa, sauti ya chini, hasa wanapohisi mabega yanaanza kubanwa. Akawafundisha pia habari ya mtaro. Anayeumwa kichwa asiende zahanati; anayetapika atapike huku nyuma; anayetetemeka aote jua mpaka aache. Kundi lake likawa la kwanza katika kila shindano. Wageni walipowasikia wakinguruma humo ndani kama kwaya ya mbali walitokwa na machozi. Watu wanaosali, walisema.

Kisha siku moja ya mazoezi Olipa hakutoka. Walimkuta amelala kifudifudi kando ya ngazi, mwili unawaka kama chungu kilichoepuliwa. Akili yake ilikuwa imeshaondoka. Ila kifua chake kilikuwa kinaendelea kuimba, taratibu, bila kukosea mahali pa kuvuta pumzi, na ukosini taa ilikuwa kijani.

Kamati ya chuo ilikaa. Ikaona taa haikubadilika hata kidogo, na kwa kuwa Bitana haisemi uongo, ikaamua kwamba mwongo ni kuruta. Lazima alikunywa dawa ya kutuliza moyo. Jina lake lingefutwa leo, kabla ya gwaride la kufunga mafunzo.

*

Elimeleki alimkuta Olipa zahanati, ameegemea mto, mrija umeingia mkononi, mashine kando ya kitanda inazunguka kimya. Uso wake ulikuwa umepungua. Alijaribu kukaa wima kama kuruta mbele ya mkubwa wake, Elimeleki akamzuia kwa mkono.

Alikuwa amepanga maneno njiani, akayakosa. Aliuliza kama uji una sukari. Olipa akasema una sukari, na kwamba mama yake anadhani sukari inatibu figo. Wakatabasamu kidogo, wote wawili.

Ndipo Elimeleki alipomwambia kwamba anajua hakukunywa dawa. Olipa akasema naye anajua kwamba Afande anajua.

"Kamati walikuuliza. Kwa nini hukuwaambia habari ya wimbo?"

Olipa alitazama mashine. Akasema wenzake wangerudia mafunzo. Akawataja baadhi: fulani ambaye baba yake ameshakaribisha ukoo mzima kwa sherehe ya leo, fulani aliyeacha mtoto mchanga kwa bibi yake. Yeye, alisema, hata jina lake lisipofutwa hatapita tena, daktari amemwambia figo zake hazitavumilia moto. Sasa wazame wote kwa faida gani? Afande anyamaze tu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu mzima anayemtuliza mtoto, na Elimeleki akahisi aibu inampanda shingoni kama maji ya moto.

Kisha Olipa akasema jambo ambalo hakuulizwa.

"Nilitaka kusema nimechoka, Afande. Redio ilikuwa hapa mdomoni. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikaona sura yako ukimwuliza Fute amefunguka saa ngapi. Nikaimba."

Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu ingekuwa afadhali. Elimeleki alikaa pale mkono juu ya reli ya kitanda, mzee wa kanisa, mwalimu wa watu. Alitaka kumwombea, kama alivyowaombea wagonjwa wengi. Akaona hana mdomo wa kuombea. Alitoka, na mlangoni akapishana na Mama Ngailo anayeleta uji mwingine, akampa njia akiwa ameinamisha kichwa.

*

Daktari Shufaa Mbarouk alikuwa ofisini, amevaa masweta mawili na mtandio wa sufu juu ya hijabu. Alitoka Pemba, na baridi ya Lupangwe aliichukulia kama tusi lililoelekezwa kwake binafsi. Yeye ndiye aliyeilea Bitana tangu ikiwa kitambaa cha maabara.

"Karibu, Sajenti. Funga mlango, nyinyi watu mnaacha milango wazi kama mnauza baridi."

Elimeleki akafunga, akakaa. Alisema amekuja kuuliza tu, kabla ya sherehe, ni kitu gani hasa mgeni rasmi atakachokituma mchana. Alijua kwa kiasi. Alitaka kusikia kutoka kwake, huenda njiani akapata mahali pa kuingilia.

Daktari alifurahi kuulizwa. Aliwasha picha ukutani, vilima vya mwanga vilivyopanda na kushuka, akaeleza kama mtu anayesimulia habari za mwanawe. Watu wanadhani kuna kipimo ndani ya Bitana, alisema, joto likifika hapa basi toka. Hakuna. Miili haifanani. Bitana imeachwa ijifunze yenyewe kwa kuwatazama watu: nani aliingia, mwili wake ulikuwaje humo ndani, na alipotoka alikuwa mzima au mgonjwa. Ikiona wengi wenye hali fulani wanatoka wazima, inajifunza kuiamini hali hiyo na kusogeza mbele mpaka wake. Ikiona wanaugua, inaurudisha nyuma.

"Na kundi lako ndilo limeifundisha kuliko makundi yote," alisema, akagusa kilima kimoja kilichokuwa kirefu kuliko vingine. "Hawa wenye mngurumo. Joto lao linapanda mpaka mimi naogopa kulitazama, na bado wanatoka salama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika zahanati, isipokuwa huyu binti wa dawa. Bitana imeshajifunza: mwenye mngurumo, mwache. Mchana somo hili linakwenda kwenye Bitana zote za nchi, kila kituo, kabla ya upepo wa Agosti."

Elimeleki alitazama kile kilima cha mwanga. Kilikuwa kizuri. Kilijengwa kwa matapishi yaliyosafishwa na maji.

Akauliza, akiwa ameshika kofia yake magotini, na kama imefundishwa uongo?

Daktari alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akakunja mikono ndani ya mtandio. Kama imefundishwa uongo, alisema, hakuna kuchomoa uzi mmoja. Ingebidi kufuta yote na kuanza upya, na vikosi vyote vingeingia kiangazi hiki na makoti matupu. Alikumbusha kiangazi kilichopita, kabla ya Bitana, na wale waliobebwa kutoka msituni. Wengi wao hawakuunguzwa na moto. Walichemka ndani ya makoti yao wakiwa bado wanasukuma mpira wa maji, kwa sababu hakuna aliyewaambia watoke.

"Ukinipa vitu viwili hivyo, fulana yenye kasoro au koti tupu, Sajenti, mimi sijui ningechagua nini. Kwa nini unauliza?"

Lango lilikuwa limefunguliwa mbele yake, pana kabisa.

"Nauliza tu, Daktari," alisema.

Akasimama, akapiga saluti ambayo haikuhitajika, akatoka nje kwenye ukungu. Alitembea hatua chache akasimama kando ya tangi la maji. Aliwaza: nikisema, watu wanaingia motoni uchi. Nikinyamaza, wanaingia na mkono begani ambao nimeufundisha usivute. Kila upande kuna mtu anakufa. Kwa kitambo yale mawazo yalimfariji, kwa sababu yalikuwa mazito, na mtu aliyebeba mzigo mzito anaweza kujiona mwema. Kisha akajiuliza swali dogo: kama leo kungekuwa hakuna gwaride, na hakuna Mama Ngailo, na hakuna wa kumwita Mlango, angekuwa ameshasema? Akajua kwamba angekuwa ameshasema. Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya wengine.

*

Ukungu uliondoka kabla ya sherehe. Mahema yalikuwa yamejaa wazazi, wazee wa mtaa, wapigapicha, na mbele kabisa mgeni rasmi kutoka wizarani akiwa amekaa karibu na Mkuu wa Chuo, Mrakibu Kalolo. Mezani palikuwa na kisanduku cheusi chenye kitufe kimoja. Hicho ndicho kingelipeleka somo la Bitana nchi nzima. Daktari Shufaa alikisimamia. Pembeni, kivulini, Mama Ngailo alikuwa amesukuma kiti cha magurudumu. Olipa alikuwa ameomba kuja kuwaona wenzake wakipita, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia, ingawa alikuwa amevalishwa nguo za kiraia.

Kabla ya kitufe kubonyezwa, kundi la Sajenti Tweve lilipaswa kuwaonyesha wageni kazi. Nyumba ya moshi ikawashwa. Makuruta waliingia wakiongozwa na Fute Mahenge, mpira wa maji mabegani. Taa za kosi zao zilionekana kwenye ubao mkubwa uwanjani, zote kijani, na sauti za redio zao zikawekwa kwenye spika ili watu wasikie.

Mwanzo zilisikika amri na majibu. Baadaye joto lilipopanda maneno yakapungua. Kisha ukaja wimbo.

Ulianza na mmoja, wakaingia wengine, chini, midomo imefungwa. Watu mahemani wakanyamaza. Mama mmoja akautambua, wimbo wa kuvuka mto, akaanza kuuimba kwa maneno yake. Jirani yake akaitikia. Mara hema zima lilikuwa linaimba, wengine wamesimama, wameinua mikono, mgeni rasmi naye anatikisa kichwa kwa kufurahi. Ubaoni taa zilikuwa kijani, kijani, kijani, kama shamba la mahindi machanga.

Elimeleki alisimama katikati ya sauti hizo. Yeye alisikia tofauti. Aliijua kila pumzi. Alimsikia Fute akichelewa kuvuta hewa, akikatiza silabi ambayo hajawahi kuikatiza. Alijua maana yake, kwa kuwa siku ile, kabla hajaanguka, Olipa naye alisikika redioni akiikatiza hapohapo. Akatazama kivulini. Olipa alikuwa ameshika mikono ya kiti chake kwa nguvu, anamtazama yeye. Hakuwa akimwomba anyamaze tena.

Akachukua redio.

"Acheni kuimba. Fute, watoe wote. Tokeni sasa hivi."

Halafu sauti ya Fute, ikihema: "Afande, hatujashikwa bega."

"Nakushika mimi. Toka, mwanangu."

Walitoka. Wawili walianguka magoti kizingitini. Fute alivua barakoa akageuka upande wa nyuma ya nyumba kwa mazoea, mkono mdomoni, na Elimeleki akamshika kiuno akamzuia. Akamwambia atapike hapahapa. Fute alitapika juu ya nyasi za gwaride, mbele ya wageni, na kuimba kule mahemani kukafa kipande kwa kipande.

Mrakibu Kalolo alikuja kwa haraka, uso umekunjamana, akauliza kwa sauti ya chini ni mchezo gani huu. Elimeleki akamwomba kipaza sauti. Mkuu akasita, akampa, pengine akidhani ataomba radhi kwa hitilafu.

Alizungumza kwa ufupi, kwa kuwa alijua akirefusha ataanza kujitetea. Alisema Kuruta Olipa Ngailo hakunywa dawa yoyote. Alisema wimbo ule watu walioushangilia aliufundisha yeye ili Bitana isijue kwamba watu wamechoka. Alisema wagonjwa wake walikuwa wengi, na kwamba aliwaficha nyuma ya ile nyumba. "Nilichukua sifa za Mungu nikazifanya chandarua cha kufunikia uongo," alisema. "Na nilifanya hivyo kwa sababu vijana walinicheka siku moja tu."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomuumiza. Mama Ngailo alimtazama kama mtu aliyepewa chenji ya noti bandia, anaigeuza geuza, hataki bado kuamini. Kisha akamfunika mwanawe kitenge mabegani na kugeuza uso.

Daktari Shufaa alikuwa ameondoa mkono wake kwenye kisanduku. Alikitazama kwa muda. Akachomoa waya wake, taratibu, na zile taa za kijani ubaoni zikazimika zote. Alikuja mpaka mbele ya Elimeleki, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, ya hasira au ya kazi ya miaka iliyokwenda.

"Uliniuliza asubuhi," alisema. "Nilikufungulia kinywa changu chote, na wewe ukapiga saluti."

"Ndiyo, Daktari."

"Haya. Kiangazi hiki wanaingia na makoti matupu. Nani atawaambia watoke?"

Mrakibu Kalolo akasema maneno yake rasmi. Jina la Olipa halifutwi, atatibiwa kama aliyeumia kazini. Kundi lote litarudia mafunzo. Sajenti Tweve anaacha kufundisha tangu saa hii; atapangiwa kikosi cha mlimani kama askari wa kawaida, akisubiri hukumu. Makuruta walisikiliza wakiwa wamekaa chini, na baba mmoja hemani akatema mate pembeni, akaanza kukusanya jamaa zake waondoke.

Fute alikuwa wa kwanza kusema. Alikuwa bado anajifuta mdomo.

"Kwa hiyo Afande ndiye Mlango wa leo."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajinyamazia. Elimeleki alilipokea jina lile, na likamkaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake. Alivua kofia yake ngumu akaiweka chini kwenye nyasi. Siku ya kufunga mafunzo kila kuruta huweka mkono wa kushoto juu ya kofia yake na kuinua wa kulia, akaapa kwa sauti kwamba hatatoka akimwacha mwenzake. Leo hakuna kuruta ambaye angeapa. Akamtazama Mkuu wa Chuo. Mkuu hakumpa ruhusa, wala hakumzuia.

Akapiga magoti. Nyasi zilikuwa bado na maji ya ule umande ulioganda asubuhi, yakapenya kwenye suruali. Aliweka mkono wa kushoto juu ya kofia. Aliwatazama makuruta wake mmoja mmoja, na Daktari, na Mama Ngailo aliyekuwa amegeuza uso, na Olipa ambaye hakuugeuza. Hakuwa na wimbo kifuani. Alivuta pumzi ya kawaida, fupi, ya mzee aliyechoka, akainua mkono wa kulia na kusema, kwa sauti iliyofika mpaka hema la mwisho:

"Mimi, Elimeleki Tweve, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote. Nikichoka nitasema nimechoka. Na atakayeniambia amechoka, nitamshika mkono nitoke naye, nami nitatangulia mlangoni."